Kusomea Kazi Niliyoizeekea

Ninyi mnaokuja kazini siku hizi mnakuja na vyeti tayari, vimepigwa plastiki, na kabla hamjashika hata ufagio mnaweza kumweleza mtu njia ya maji safi na njia ya maji machafu ndani ya jengo. Sisemi hivyo kwa wivu. Mimi niliingia kwenye kazi hii ya kutunza majengo kwa mlango wa nyuma, na ufagio na ndoo, na cheti cha mwanzo kabisa, kile cha gredi ya tatu, nilikwenda kukisomea nywele zikiwa zimeshaanza kuwa nyeupe. Nisingekipata, mimi na binti yangu tungetolewa kwenye chumba tulichokuwa tukikiita kwetu. Shiro, ambaye wengi wenu mnamjua kama msimamizi wenu na mimi nilimjua kama mwanafunzi mwenzangu, ameniomba niandike habari hiyo sasa, kwa kuwa nimestaafu na sina kisingizio. Mambo ya mshahara siyaandiki. Hayana hadithi.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye ploti ya ghorofa tano pale Kariobangi, nyuma ya mafundi wa jua kali wanaochomelea milango na madirisha. Nilikuwa msichana niliyetoka Mwingi karibuni, nimepewa kazi ya kufagia ngazi. Aliyenipokea alikuwa Fundi Shabani, mtu wa Pumwani, mrefu, mwenye kofia ya kufuma na makubadhi ya tairi aliyonunua Kariokor. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata akijigonga kidole na nyundo, na alijigonga mara nyingi kuliko alivyopenda tujue.

"Umepewa ufagio?" aliniuliza.

"Nimepewa, Fundi."

"Uweke chini. Kwanza uione nyumba."

Nikadhani atanionyesha stoo. Badala yake alinipandisha ngazi zote mpaka tukatokea juu ya paa, penye matangi. Huko chini mabati yalikuwa yametandaa mpaka macho yakachoka, moshi wa mafundi ukipanda, na watu wadogo wadogo wakipita na mikokoteni. Lakini Fundi hakunileta kutazama mji. Alifunua kifuniko cha tangi moja na kuniambia niinamie. Ndani maji yalikuwa yametulia kabisa, meusi, na kipande cha anga kikiwa juu yake.

"Kila mfereji utakaoufungua huko chini umening'inia hapa," alisema.

Ninyi mmezaliwa mjini, hamtaelewa kilichonipata. Kwetu maji yako chini. Unakwenda kwenye mto uliokauka, unachimba mchanga kwa mikono na kibuyu, unayasubiri yajikusanye, na ukimaliza unafunika shimo kwa miba ili ng'ombe wasilichafue. Hapa yalikuwa juu ya vichwa vya watu. Watu walikuwa wamelala, wamepika, wamegombana na kupatana, na juu yao lilikuwa limetulia dimbwi zima, na hakuna aliyekuwa akilifikiria. Niliogopa, nikashika ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Nasema kweli, hofu ile ilikuwa nusu ya ibada.

Baada ya hapo tulishuka pamoja na maji. Ndivyo alivyoita zoezi lile, kushuka na maji, na kila mfanyakazi mpya alilifanya, hata yule aliyekuja kupaka rangi tu. Unaanzia tangini, unaweka kiganja kwenye paipu, unaifuata inapoingia ukutani na inapotokea, ghorofa baada ya ghorofa, ukitaja ni nyumba zipi zinanywa kutoka pale. Ukifika chini unageuka na kufuata maji yaliyotumika mpaka kwenye shimo la mwisho la maji taka, karibu na geti. Hapo Fundi aliinua kifuniko, tukayaona yakipita na povu lake. Aliniambia lile povu ni la mama wa ghorofa ya nne, anafua Jumatatu. Sikufagia hata ngazi moja asubuhi ile.

Sheria aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa ya kufunga maji. Ikibidi koki kuu ifungwe ili kutengeneza kitu, ulisimama chini ya ngazi ukapaza sauti: "Maji yanafungwa!" Kisha ulisubiri kila ghorofa ijibu. Ghorofa ya kwanza itasema "Funga!" Ya pili itasema "Ngoja nijaze mtungi!" na utangoja. Ghorofa isiyojibu ulipanda na kubisha mlango kwa mlango. Hukugusa koki mpaka zote tano zimeitika.

"Hujui nani ana sabuni machoni," Fundi alinieleza. "Hujui nani anamwogesha mtoto mchanga na maji yamebaki nusu karai."

Wapangaji walizoea. Watoto wa ploti walijifunza kuitikia "Funga!" kabla hawajajua kusema majina yao vizuri, na palikuwa na mpangaji mmoja wa ghorofa ya tano aliyejibu "Ngoja!" kila mara, hata kama hana shughuli yoyote, kwa sababu alipenda kungojewa. Fundi alimngoja. Mimi pia nilimngoja, miaka na miaka, mpaka akahama.

Kazi nyingine nilijifunza kwa kusimama karibu. Kwanza nilimshikia tochi, kisha spana, kisha nikaanza kumkabidhi spana kabla hajaiomba, na siku moja akanyoosha mkono nikagundua ananipa mimi paipu nikate. Kulikuwa na tatizo lililotusumbua zaidi ya mengine. Maji yakikatika mtaani kwa siku kadhaa kisha yakarudi, nyumba za ghorofa ya tatu zilibaki kavu, ilhali juu yao na chini yao mifereji inatoka vizuri. Fundi alisema nyumba imekabwa. Alilegeza kiungo kimoja nyuma ya ngazi, akaweka mdomo kwenye paipu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nyumba ikakohoa. Ilikohoa kweli, ukutani kote, halafu maji yakaja yakiruka ruka. Nilipomuuliza kwa nini ghorofa ya tatu peke yake ndiyo inakabwa, alifuta mdomo na kusema hajui, ila ndivyo ilivyo. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo.

Magoti yalipomshinda alirudi kwao Pumwani kupumzika, akaniachia funguo. Nikawa ndiye keateka, mtunzaji wa ploti. Pamoja na kazi kulikuwa na chumba cha chini, kando ya pampu, na humo ndimo nilimolelea binti yangu Mumbua baada ya baba yake kufariki. Pampu ilinguruma ukutani kwetu na Mumbua alilala fofofo, ila ikinyamaza aliamka na kusema, "Mama, imezima." Nikapuliza paipu nilivyofundishwa, nikapaza sauti nilivyofundishwa, na ploti ikaendelea kusimama. Sikujua kama kuna kitu kingine cha kujua.

Kisha mwenye ploti akazeeka, na watoto wake wakaikabidhi kwa kampuni ya usimamizi wa majengo. Aliyetumwa kwetu alikuwa Bwana Njoroge, kijana mtaratibu, viatu safi, mwenye kuomba msamaha kabla hajasema jambo. Alizunguka na mimi siku nzima. Mwishoni tuliketi kwenye ngazi.

"Mama Mumbua, mimi kazi yako sina shida nayo," alisema. "Lakini watu wa bima wanataka aliye na funguo awe na cheti. Hata kile cha chini kabisa, gredi ya tatu. Mtihani unafanywa mara mbili kabla mwaka uishe. Ukipita, unaendelea."

"Na nisipopita?"

"Itabidi tulete mwenye cheti. Na chumba, unajua, kinakwenda na kazi."

Nilijua. Mumbua alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ng'ambo ya barabara. Kutoka pale kulikuwa na maana ya kutafuta chumba mbali, kwa mshahara ambao ungekuwa haupo, na shule nyingine katikati ya masomo. Bwana Njoroge aliitazama saa yake, kisha akaomba msamaha kwa kuitazama.

Nikajiandikisha kwenye chuo cha ufundi kando ya Jogoo Road, si mbali na nyumba za reli za Makongeni. Darasa lilikuwa la jioni. Nilipoingia, wanafunzi walisimama wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipokwenda kuketi nyuma walicheka, nami nikacheka, na msichana mmoja mwenye rasta fupi akanisogezea kiti. Ndiye Shiro huyo.

"Karibu mathe," alisema. "Hapa ni poa, ticha hana ubaya."

Mwalimu alikuwa Bi Achieng', mdogo kuliko miaka yangu ya kazi. Somo la kwanza hakusema mengi. Alibandika ubaoni mchoro mkubwa wa jengo lililokatwa katikati, namna unavyokata mkate ukaona ndani. Kulikuwa na vyumba, ngazi, tangi juu, na paipu zote zimechorwa, za buluu zikishuka na za kahawia zikiondoka, na kando yake nyingine nyembamba nyeusi ikipanda mpaka juu ya paa na kuishia hewani.

Nilisimama. Sikukusudia, nilijikuta tu nimesimama. Maisha yangu yote ya kazi niliijua nyumba kwa kiganja, kipande kwa kipande, nikikisia kilicho ndani ya ukuta kwa baridi yake na sauti yake. Na sasa ilikuwa mbele yangu nzima, wazi, imekaa kimya. Nikaiona ghorofa ya kwanza na ya tano kwa wakati mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba jengo linaweza kuonekana hivyo.

"Kuna swali, mama?" Bi Achieng' akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Naangalia tu."

"Angalia," alisema, na hakuendelea na somo mpaka nilipoketi.

Wiki chache baadaye alileta bomba la plastiki lisilo na rangi, linaloonyesha ndani, akalipinda mfano wa mgongo wa ngamia na kulimiminia maji kidogo kidogo. Maji yalifika kwenye kile kilima na kukwama. Pale juu palikuwa na kiputo cha hewa, kimekaa, kidogo tu, na maji yote nyuma yake hayakuweza kupita. Alieleza kwamba hewa hupanda ikakaa mahali palipoinuka, kwamba fundi akipitisha paipu juu ya boriti badala ya chini yake ametengeneza kitanda cha hewa, na kwamba kuna koki ndogo ya kuitoa, inawekwa palepale penye kilima. Nilikumbuka boriti yetu ya ghorofa ya tatu, na paipu inavyoipanda. Nikamwona Fundi Shabani na mishipa ya shingo. Machozi yalinitoka darasani, mbele ya watoto wale.

"Mathe, uko sawa?" Shiro alininong'oneza.

"Niko sawa. Nimeona kitu nilichokuwa nikikipuliza."

Hakuelewa, lakini alinipa kitambaa. Jumapili iliyofuata niliweka koki ya hewa kwenye ile paipu, na tangu siku hiyo ghorofa ya tatu haikukabwa tena. Niliwahi kuketi kwenye ngazi zile mchana mtupu, bila kazi, nikisikiliza maji yakipita.

Nilijifunza mengi mengine, na sitayaorodhesha kwa kuwa mnayo kwenye vitabu vyenu. Niseme tu kwamba ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto, niliokuwa nikiupangusa vumbi kila wiki kwa heshima kubwa, una saa yake ndogo inayoonyesha kama una nguvu au umekufa. Wetu ulikuwa umekufa siku nyingi. Nilikuwa nikiosha maiti.

Ukaja mtihani wa kwanza. Sehemu ya kuandika niliimaliza polepole lakini niliimaliza. Sehemu ya vitendo ilifanyiwa karakanani, kwenye bafu la kujifunzia lililojengwa ukutani, na mtahini alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa makamo, mnene, asiyetabasamu. Alikaa na karatasi zake kwenye meza ndogo.

"Paipu inavuja nyuma ya hilo sinki," aliniambia. "Kata kipande kibovu, weka kipya, rudisha maji. Muda umeandikwa ubaoni. Anza."

Nilikwenda kwenye koki, nikaweka mkono. Kabla sijafikiri, sauti yangu ilikuwa imeshatoka: "Maji yanafungwa!"

Nikasubiri. Hakuna aliyeitika. Na juu yangu, nikasikia wazi kabisa, kulikuwa na maji yanatiririka.

Mnajua nilichokifanya. Ghorofa isiyojibu unapanda. Nikaweka spana chini, nikatoka karakanani, nikapanda ngazi za chuo. Chooni nilimkuta mfanyakazi wa usafi akijaza ndoo.

"Dada, maji yanafungwa," nilimwambia.

"Yanafungwa na nani?"

"Na mimi."

"Haya, wacha nimalize ndoo."

Nikangoja amalize. Kisha nikabisha mlango wa darasa la ushonaji, vyerehani vikanyamaza, wasichana wote wakanigeukia. "Samahani, Mwalimu," nilisema, "maji yanafungwa. Kuna mtu yeyote ana sabuni mkononi?" Hakukuwa na mtu. Niliposhuka nilipita kwenye benchi la wanafunzi wanaongoja zamu yao. Shiro alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Ulikwenda wapi?" Bwana Wekesa aliniuliza.

"Kuwaambia watu."

"Watu gani?"

"Wa juu."

Aliinuka, akanionyesha nyuma ya ule ukuta. Kulikuwa na katangi kadogo, ka plastiki, kamefungwa kwenye paipu za mtihani peke yake. Maji yale hayakwenda kwa mtu yeyote duniani. Niliinama nikakaangalia, nikarudi, nikafunga koki na kuanza kukata kwa haraka niwezavyo. Muda uliisha nikiwa nimeshakata na bado sijaunga.

"Mkono wako ni mzuri, mama," alisema. "Lakini paipu iko wazi. Siwezi kupitisha paipu iliyo wazi."

Ningekuwa mimi ndiye mtahini ningesema hivyo hivyo. Hilo halikunisaidia kupanda ngazi za daraja la kuvukia Jogoo Road siku ile. Nilipomwambia Mumbua, hakulia. Alikwenda kwa mama mboga aliyekuwa na kibanda karibu na geti letu, akarudi na katoni mbili tupu za nyanya, akazipangusa, akaanza kupanga humo vitabu ambavyo havitumii kila siku. Nilimuuliza anafanya nini.

"Naanza mapema, Mama. Ndiyo tusikimbizane mwishoni."

Katoni zile zilikaa kando ya kitanda. Bado kulikuwa na mtihani mmoja, na kila asubuhi nilizipita nikienda kuwasha pampu.

Bi Achieng' aliponisikiliza hakucheka, ingawa midomo ilimshinda kidogo. Alinifungulia mtaala akanionyesha. Kumbe jambo lile limo, limeandikwa: kuwaarifu watumiaji wa jengo kabla ya kukata huduma. Lina alama zake.

"Hukukosea, mama," alisema. "Ila kwenye mtihani hakuna watumiaji. Unasimama, unamwambia mtahini, 'Nimewaarifu wakazi.' Anatia alama. Unafunga. Ndiyo hivyo tu."

"Nimwambie nimewaarifu, na sijawaarifu?"

"Ni mtihani, mama."

"Ninaelewa, Mwalimu."

Nilielewa, na mdomo haukuelewa. Shiro alinifanyisha mazoezi kila jioni baada ya darasa. Nilishika koki, nikasema, "Nimewaarifu," nikakwama, nikakohoa.

"Mathe, ni maneno mawili tu," alinisihi. "Sema hata haraka haraka. Si unataka kubaki kwa hiyo keja?"

"Nataka."

"Basi sema."

Nilisema. Siku ya mwisho nilisema mara kadhaa mfululizo bila kukwama, Shiro akapiga makofi. Nilikwenda nyumbani nikijiona mwongo aliyehitimu.

Mtihani wa pili, karakana ile ile, Bwana Wekesa yule yule, kwenye meza ile ile. Alinitambua. Hakusema ila, "Kazi ni kama ya mwanzo. Anza."

Nikaweka mkono kwenye koki. Maneno mawili yalikuwa tayari mdomoni. Nikavuta pumzi ili niyaseme, na kilichotoka kilikuwa sauti yangu ya chini ya ngazi, ile ya miaka yote: "Maji yanafungwa!"

Ukuta haukujibu. Nilisimama. Nilijua kwamba nyuma yake kuna katangi na hakuna mtu. Nilijua muda unakwenda, na chumba kinakwenda nao, na vitabu vya Mumbua vimeshaingia katonini. Mkono wangu ulikuwa kwenye ile koki na haukuzunguka. Niliuamuru, kwa jina la mtoto wangu niliuamuru, na haukuzunguka, na mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kugeukia mlango.

Bwana Wekesa alikuwa akiandika. Hakuinua kichwa.

"Funga, mama," alisema. "Hapa sote tumeshaoga."

Nikafunga.

Sikumbuki kuwa na haraka. Nilifungulia mabaki ya maji kwenye ndoo, nikapima, nikakata, nikakwangua ncha ya paipu mpaka ikalainika, nikatia gundi na kuzungusha kidogo nilivyoonyeshwa na Bi Achieng', nikashikilia bila kutikisika nilivyoonyeshwa na Fundi Shabani. Watu wale wawili hawakuwahi kuonana, na nilihisi wamesimama kila mmoja upande wake wa sinki, na nilikuwa na amani ambayo sijui niiweke kwenye neno gani. Nilifungua koki polepole ili hewa itoke kwanza. Bwana Wekesa alikuja na kipande cha karatasi ya chooni, akakipitisha chini ya kiungo, akakiangalia dirishani. Kilikuwa kikavu.

Nilipokuwa nikikusanya vyombo alifunga kalamu yake.

"Mimi ninakaa Umoja, ghorofa ya nne," alisema. "Keateka wetu hasemi."

Halafu akamwita mwanafunzi aliyefuata, na nikatoka.

Matokeo yalikawia, kama matokeo yote. Nyumbani hatukuyataja. Mumbua alisoma akiwa ameegemea zile katoni, na mama mboga alipokuja kuziomba, maana alizihitaji kwa nyanya zake, alimjibu kwa adabu, "Ngoja kwanza, Mama." Alimjibu hivyo karibu kila siku. Bwana Njoroge alipita mara moja na mtu wa kupima vyumba, akaomba msamaha mlangoni na tena akitoka.

Ilikuwa mchana, nimerudi kutoka chuoni, na Mumbua ametoka shule, bado amevaa sare. Nilimpa bahasha. Alikitoa cheti, akakisoma kwa sauti kuanzia juu, jina langu lote, mpaka chini penye sahihi ambazo hakuna awezaye kuzisoma. Akakisoma tena kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, mikono mapajani, na ningependa kuwaambia nilisema jambo la maana. Nilimwambia viazi vimo sufuriani.

Hakugusa viazi. Aliweka cheti juu ya mto wangu, akapiga magoti, akaanza kutoa vitabu, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye rafu yake, jiografia, hesabu, kamusi iliyotoka jalada. Alipomaliza alizibeba katoni zote mbili, akaufungua mlango kwa bega na kutoka. Kibanda cha mama mboga hakikuwa mbali na dirisha letu, na pampu ilikuwa imepumzika, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Chukua, Mama," alisema. "Hatuhami."